Nyota Milioni Kumi Juu ya Kanyangi

Subira sina, kwa hiyo naanza na hukumu: anga la Kanyangi katika nusu ya pili ya Mei, usiku usio na mwezi, ndilo onyesho bora nililowahi kulikodolea macho, na kiingilio chake ni nauli tu. Nauli, na shingo iliyo tayari kupinda. Nimerudi juzi, usingizi bado haujakaa sawa, na kila ninayekutana naye namshika mkono nimsimulie. Leo ni zamu yako.

Nilikwenda kutafuta kitu kimoja: matufe ya nyota. Ni mikusanyiko ya nyota laki kwa laki, mara nyingine milioni kwa milioni, zilizoshikana kwa mvutano wao zenyewe mpaka umbo likawa la mviringo kila upande. Karibu yote ni makongwe. Mengi yana miaka bilioni 12 au zaidi, na ulimwengu wenyewe una bilioni 13.8. Galaksi kubwa zote zimezungukwa nayo. Yetu, ambayo ukanda wake angani ndio huo tunaouita Njia Nyeupe, ina zaidi ya 150. Na huko mbali, kwenye mitaa ya galaksi zilizosongamana, kuna galaksi zenye maelfu kwa maelfu! Nilitaka kuyaona ya kwetu kwa macho yangu, halafu usiku huohuo niitazame mojawapo ya galaksi hizo zilizojaliwa kupita kiasi.

Sasa mahali. Kanyangi iko kusini-magharibi mwa Kitui, nchi ya ndengu, migunga na udongo mwekundu. Karibu yake umejinyoosha Uwanda wa Yatta, mkondo wa lava iliyoganda wenye urefu wa kilomita 300 hivi, mmojawapo wa mirefu kabisa duniani. Ng'ambo ya Mto Athi ni Makueni. Na ikweta haiko mbali, nyuzi mbili hivi tu kaskazini. Hapo ndipo utamu wote ulipo. Mwingereza akiwa kwao hawezi kuiona Omega Centauri, tufe la anga la kusini, hata apande paa la nyumba, kwa sababu haichomozi kabisa. Mtu wa Melbourne naye akiitafuta Messier 13, tufe la anga la kaskazini, ataikuta imelala chini kaskazini, kwenye vumbi na ukungu wa upeo. Mtu wa Kanyangi huyaona matufe haya mawili usiku mmoja, yote mawili yakiwa yamepanda vizuri, moja kusini na jingine kaskazini. Wazungu hununua tiketi za ndege kwa ajili ya jambo hili.

Chombo kilikuwa darubini ya kuazima, aina ya Dobsonian: bomba nene lenye kioo cha milimita 200 chini yake, limekalishwa kwenye kitako cha mbao kinachozunguka. Haina mota wala kompyuta. Unaisukuma kwa mkono, unatazama, unaisukuma tena. Tuliiweka uani kwa mama mmoja mwenye boma, mbali na taa za sokoni, tukangoja. Karibu na ikweta jua halizami kwa madaha. Linatumbukia, na saa mbili kasorobo usiku giza limekamilika. Giza gani hilo! Njia Nyeupe ilianza kuinuka upande wa kusini, na nilipoangalia chini sikuona viatu vyangu.

Omega Centauri kwanza, maana nilishindwa kujizuia. Utaipata hivi: tazama kusini, itafute Salibu, kisha zile nyota mbili angavu zilizo kushoto kwake, Alpha na Beta Centauri. Toka Alpha uende Beta, kisha upinde juu kuelekea kichwani mwako. Kuna nyota hafifu iliyofifia kingo, iliyokataa kuwa nukta. Ndiyo hiyo. Ptolemayo aliiorodhesha kama nyota. Johann Bayer akaipa herufi omega mwaka 1603 akiamini ni nyota. Ni Edmond Halley, mwaka 1677 akiwa kisiwa cha St Helena, aliyegundua kwamba ni kitu kingine. Katikati ya Mei Omega hufika juu kabisa upande wa kusini saa nne na robo usiku hivi, nusu ya njia kati ya upeo na utosi.

Nikaiingiza kwenye darubini. Nikatulia. Halafu nikapiga ukelele, na mbwa wa jirani wakaitikia.

Picha umeziona, najua. Zisahau. Kwenye picha kitovu huungua na kuwa weupe mtupu, lakini jicho linaona nyota mojamoja hadi ndani, mtama mweupe uliomwagwa juu ya turubai jeusi, umerundikana katikati na kutawanyika pembeni, na kadiri unavyokaza macho ndivyo punje zinavyozidi kutokea nyuma ya punje. Ilijaza lenzi yote. Nyota zipatazo milioni 10, umbali wa miaka ya nuru 17,000 hivi, upana wa miaka ya nuru 150! Nilichokuwa nakiona ni zile kubwa tu, maelfu machache, na tayari pumzi zilikuwa zimenipaa.

Mama mwenye boma alikuja na kiti chake, akakaa, akaweka jicho. Alinyamaza muda mrefu.

“Hizi zote ni nyota, mwanangu?”

“Zote, mwaitu. Milioni kumi.”

“Basi huko hawana usiku.”

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu Omega Centauri na hakuna iliyoniambia kwa ufupi namna hiyo. Ni kweli kabisa. Kutoka kwenye jua letu hadi nyota jirani ni zaidi ya miaka minne ya nuru. Kitovuni mwa Omega nyota zinakaribiana kiasi cha sehemu ya kumi ya mwaka mmoja wa nuru. Kama kungekuwa na sayari pale, anga lake lingemeremeta saa zote na giza lisingejulikana.

Na pale kati kuna jambo. Julai 2024, watafiti waliokusanya zaidi ya picha 500 za darubini ya Hubble, zilizopigwa kwa muda wa miaka 20, walitangaza katika jarida la Nature kwamba kuna nyota saba kitovuni zinazokimbia kasi kuliko zinavyopaswa. Kwa kasi hiyo zingekuwa zimeshatoroka, isipokuwa kuna kitu kizito kinachozishika. Hesabu yao: shimo jeusi lenye uzito wa angalau jua 8,200. Wataalamu wengi wanaamini kwamba Omega haikuzaliwa kama tufe la kawaida. Ni kiini cha galaksi ndogo iliyomezwa na ya kwetu zamani sana, nyama ikaliwa, mfupa ukabaki. Liweke hilo akilini, tutalihitaji.

Kutoka Omega nilipandisha bomba kidogo tu kuelekea kaskazini, nikaingia Centaurus A. Hii si tufe, ni galaksi nzima, umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi, kubwa ya kundi lake. Kwenye darubini ni wingu la mviringo lililokatwa katikati na mkanda wa giza, na mkanda ule niliuona! Mkanda huo ni vumbi la galaksi nyingine iliyoingia humo na kuvunjikavunjika. Imezungukwa na matufe zaidi ya elfu moja, na sikuona hata moja. Kwa darubini hii ndogo ni nukta zilizo chini ya uwezo wake.

Sasa kivutio kikuu, na hapa lazima niwe mkweli: Messier 87, galaksi niliyoijia, ni ukungu. Saa tatu na nusu usiku iko karibu na utosi, upande wa kaskazini kidogo, katika kundinyota la Mashuke. Unapindisha shingo hadi inalia, na unachokiona ni doa la kijivu, duara, linalong'aa zaidi katikati. Kijana mmoja wa bodaboda aliyesimama kuona kinachoendelea alitazama, akanitazama mimi, akauliza kama lenzi ina vumbi.

Haina vumbi, kaka. Nuru hiyo iliondoka huko yapata miaka milioni 54 iliyopita. Katikati ya doa hilo kuna shimo jeusi lenye uzito wa jua bilioni 6.5, lilelile ambalo picha yake ilitolewa tarehe 10 Aprili 2019 na dunia nzima ikaona pete ya rangi ya moto. Na pande zote za doa hilo, bila kuonekana kwa jicho letu, kuna matufe ya nyota 12,000 hivi, na wengine hukadiria zaidi. Sisi tuna 150 na ushei. Elfu kumi na mbili!

Kwa nini wao wapate hivyo na sisi tuambulie hivi? Nimelipenda swali hili kuliko yote, kwa sababu jibu lake ni jibu la mtaa. Messier 87 inakaa katikati ya kundi la galaksi la Mashuke, ambamo galaksi zaidi ya elfu moja zimebanana. Zamani mtaa ulipokuwa ukijengwa, gesi ilikuwa nyingi na imeshindiliwa, na gesi iliyoshindiliwa ndiyo inayozaa matufe, kwa kuwa nyota nyingi huwaka kwa pamoja kabla ya wingu kutawanyika. Hayo ni ya kuzaliwa. Mengine ni ya kuchukua. Galaksi ndogo zikipita karibu na kubwa huchunwa: gesi hung'olewa, nyota za pembeni hung'olewa, na matufe, yaliyoshikana imara, hubaki mazima yakibadilisha mmiliki. Wataalamu huona alama ya mambo haya mawili kwenye rangi. Matufe mekundu-mekundu, yenye metali nyingi, kwa kiasi kikubwa ni wazaliwa wa galaksi kubwa. Yale ya bluu, yenye metali kidogo, mengi yao yalikuja na galaksi ndogo zilizomezwa. Na ukihesabu matufe yote ya galaksi unapata kipimo cha kushangaza cha uzito wake mzima pamoja na mada giza, ile isiyoonekana kwa darubini yoyote. Kadiri mada giza ilivyo nyingi, ndivyo matufe yalivyo mengi. Sijui kama kuna mizani nzuri kuliko hiyo.

Mtaa wenye msongamano una vurugu zake pia. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba tufe moja la Messier 87 limerushwa nje kabisa, linakuja upande wetu kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, na halitarudi. Usikimbie, umbali ni ule wa makumi ya mamilioni ya miaka ya nuru. Na kuna matufe yasiyo na galaksi kabisa. Darubini ya Ulaya ya Euclid, katika picha zake za kwanza zilizotolewa Novemba 2023, ililipiga picha kundi la Perseus, umbali wa miaka milioni 240 ya nuru, na waliochambua picha hiyo wakakuta makumi ya maelfu ya matufe yakielea katikati ya galaksi, mayatima wa mtaa. Kundi la galaksi la Abell 1689 ndilo linalovunja rekodi ninayoijua. Huko, miaka ya nuru bilioni 2.25 kutoka hapa, Hubble iliona matufe 10,000 hivi, na kwa hayo wakakadiria kwamba kundi lote lina zaidi ya 160,000. Nilimtajia kijana wa bodaboda idadi hiyo. Alirudi kwenye darubini bila kuambiwa.

Na bado hatujaona kitu. Tarehe 23 Juni 2025 kituo cha Vera Rubin huko Chile kilitoa picha zake za kwanza, kwa kamera ya megapikseli 3,200, na mojawapo ni ya sehemu ya kusini ya kundi hili hili la Mashuke. Niliifungua kwenye simu nikiwa palepale uani, mwanga wa kioo umepunguzwa hadi mwisho. Vuta karibu, vuta tena, galaksi zinazidi kuchipuka, kadiri ya milioni 10 kwa picha moja. Kituo hicho kitapiga picha anga la kusini kwa miaka kumi.

Tunafika kwenye sababu iliyonifanya niandike badala ya kupiga simu. Huo Mto Athi unaotenganisha Kitui na Makueni unateremka, unakutana na Tsavo, unageuka Galana, halafu Sabaki, na unaingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Endelea na pwani hiyo hadi Ngomeni. Pale baharini umesimama mtambo wa Waitaliano wa San Marco, na kutoka mtambo huo, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout ilirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza nyota kwa miale ya eksirei. Marjorie Townsend wa NASA, aliyeusimamia mradi, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya siku na ya wenyeji.

Kabla ya hapo eksirei za angani zilichunguzwa kwa roketi zilizopanda na kushuka ndani ya dakika chache. Uhuru ilizunguka hadi Machi 1973 ikifagia anga lote. Na unajua ilikuta nini? Ilikuta kwamba makundi ya galaksi, Mashuke likiwamo, Perseus likiwamo, yamejaa gesi ya joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi kati ya galaksi na galaksi. Gesi hiyo ina uzito mkubwa kuliko nyota zote za galaksi hizo zikijumlishwa! Palipodhaniwa patupu pamejaa, na mvutano wa kuizuia gesi hiyo isitoroke ni ushahidi mwingine wa mada giza ile ile inayopimwa kwa kuhesabu matufe. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Ilikuta pia eksirei kali zikitoka ndani ya matufe ya nyota ya galaksi yetu. Hilo ndilo lililonikesha. Katika kundinyota la Mshale kuna tufe dogo liitwalo NGC 6624. Baada ya saa sita usiku lilikuwa limepanda vya kutosha upande wa kusini-mashariki, nikalisaka kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, nikalipata: kidoa kidogo, cha pande zote, cha aibu. Ndani yake kuna nyota ya neutroni na nyota kibete nyeupe zinazozungukana kwa dakika 11. Dakika kumi na moja kwa mzunguko mzima! Jina la mfumo huo katika vitabu vyote vya falaki ni 4U 1820-30, na hiyo 4U ni orodha ya nne ya Uhuru, ya mwaka 1978, yenye vyanzo 339. Maprofesa wa Tokyo na Boston huandika jina hilo kila mwaka katika makala zao. Nami nililitazama tufe lenyewe nikiwa Ukambani, nikijua kwamba setilaiti iliyoupa mfumo huo jina ilipaa kutoka pwani ambako mto wa huku unamwaga maji yake. Sikupiga ukelele safari hii. Nilikaa chini.

Hatua chache kutoka hapo, kama bado unaona, ni Messier 54. Charles Messier aliiandika mwaka 1778. Mwaka 1994 ikagunduliwa galaksi ndogo ambayo galaksi yetu inaimeza hivi sasa, na Messier 54 imo kitovuni mwake. Yale yanayotokea kwa maelfu huko Mashuke, na yaliyompata mzazi wa Omega, hapa unayatazama yakiendelea. Kwa umbo ni nukta nene tu. Messier 13 katika kundinyota la Rakisi niliiona pia, ile iliyotumiwa ujumbe wa redio kutoka Arecibo mwaka 1974. Nzuri. Baada ya Omega, nzuri tu.

Kasoro zipo. Vumbi la Ukambani huingia kila mahali, na kioo cha darubini hakisuguliwi ovyo kwa kitambaa. Taa ya pikipiki moja ikipita barabarani, macho yanahitaji karibu nusu saa kurudi kwenye uwezo wake. Na jiandae kwa swali ambalo nililiulizwa na kila kijana: je, chuma kingine kikianguka, kitaonekana kwa darubini? Hawana makosa. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi, kipande cha roketi, ilianguka kijiji cha Mukuku huko Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaja kuichukua. Kwa watu wa pande hizi anga si jambo la vitabuni.

Kwa wanaotaka kwenda: chagueni siku zilizo karibu na mwezi mwandamo, kuanzia katikati ya Mei, mvua ikishakatika. Darubini ya macho mawili ya 10x50 inatosha kwa Omega, na walimu wa fizikia wa Kitui na Makueni wasisubiri bajeti ya kubwa. Tochi iwe ya mwanga mwekundu, karatasi nyekundu juu ya tochi ya kawaida inafaa. Omba ruhusa kwa mwenye boma kabla jua halijazama, na mpe nafasi ya kwanza ya kutazama. Mwanzoni mwa Juni Omega huwa juu kabisa saa tatu na robo usiku, saa nzuri hata kwa watoto wa shule. Halafu mawingu ya baridi huanza kuziba, na ifikapo katikati ya Oktoba Omega huzama pamoja na jua. Usichelewe.